Deni la Mbuzi na Deni la Kadi

Sisi watu wa pwani tumelelewa tuliogope deni. Dawa ya deni kulipa, twaambiwa, na kukopa harusi, kulipa matanga. Hata maiti hajatiwa kaburini, msimamizi husimama akauliza ni nani anayemdai marehemu. Lakini msomaji akizichukua methali hizi akapanda nazo mpaka Lodwar, ataona zinapungua nguvu njiani.

Mfugaji wa Kiturkana tangu zamani hakuweka mali yake yote katika zizi lake. Rafiki akioa, alimchangia mahari: mbuzi, ng'ombe, pengine ngamia. Mwaka wa ukame, au wavamizi wakishafagia kundi lake, alikwenda kwa rafiki yule akaomba, naye akapewa. Mtaalamu wa Kiingereza, P. H. Gulliver, aliyaeleza mambo haya katika kitabu alichokitoa mwaka 1955. Nionavyo mimi, uzuri wa hesabu hii ni kuwa haifungwi. Mtu akikimbilia kulipa mbuzi kwa mbuzi, wa leo kwa wa jana, amebakiwa na nini cha kumfikisha kwa mwenziwe siku ya njaa?

Wala si mambo ya jangwani tu. Vigae vya udongo vya Iraq ya kale vina hesabu za mikopo zilizoandikwa zaidi ya miaka 2,000 kabla ya sarafu za kwanza kupigwa. Binadamu alikopeshana kwanza. Sarafu zilikuja baadaye.

Sasa tutoke Lodwar, tushike njia ya kaskazini-magharibi kiasi cha kilomita 120, tufike Kakuma, penye kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianzisha hapo Bamba Chakula: sehemu ya posho ikawa haitolewi kwa kupimiwa nafaka, bali fedha ziliingizwa katika laini ya simu, zikatumiwa kwa wenye maduka waliochaguliwa. Fedha hazikutosha mwezi, na mara nyingine zilichelewa. Mwenye duka akakopesha unga, mafuta na sukari. Kwa dhamana akaishika laini, au baadaye kadi, pamoja na namba yake ya siri.

Wako wanaomlaumu mwenye duka peke yake. Mimi siko pamoja nao. Watoto walikula kwa sababu yake, na benki gani ingemkopesha mkimbizi asiye na shamba wala hati? Ninalolikataa ni ile rehani. Mwanamke wa Lamu akiweka rehani kidani chake, chakula cha kesho bado kiko mkononi mwake. Aliyeweka kadi ameweka chakula chenyewe. Hawezi kwenda duka la pili penye bei nafuu. Bei atakayotajiwa ndiyo hiyo hiyo.

Tena wenye maduka wengi pale ni Waislamu wenzetu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu deni: liandikwe, kwa uadilifu, na mashahidi wawepo. Rehani imetajwa katika aya inayofuata, kwa walio safarini wasiopata mwandishi. Kakuma waandishi hawakosekani. Shule zimejaa vijana wanaojua kalamu.

Mwaka 2025 fedha za misaada zilipokatwa, malipo yale yalisimamishwa na posho ya chakula ikapunguzwa sana. Kadi zilizokuwa makabatini hazikuwa na kitu ndani. Mwenye duka akabaki na daftari lisilolipika, naye mwenyewe anadaiwa na wauzaji wa jumla. Mkimbizi akabaki na deni asilolijua kiasi chake, maana daftari ni moja tu, nalo liko upande wa pili wa meza.

Mashirika yakirudisha fedha hizo, na yaanze hapo: kila deni liandikwe nakala mbili mbele ya mashahidi, moja aende nayo mkopaji, na kadi arudishiwe mwenyewe.