Milansi si Ngano ya Kulalia

Wapo wapenzi wa fasihi wakisikia habari za Milansi hutabasamu: ngano nzuri ya Wafipa hiyo, iwekwe kwenye kitabu cha shule. Mimi nakataa. Ile ni hati ya ardhi, na tumeisoma vibaya.

Simulizi lenyewe ni fupi. Ntatakwa alishuka kutoka mbinguni, na wazao wake wakatawala Milansi. Siku moja mtawala yuko mawindoni, wakaja wanawake watatu wageni, Watwa (tusiwachanganye na Watwa wa Rwanda), wakakikalia kiti chake. Aliporudi hapakupiganwa vita. Wageni wakachukua utawala, yeye akabaki na Milansi yake na heshima ya mwenye nchi. Baadaye watawala wa Kitwa wakagawanyika, Nkansi huku, Lyangalile kule.

Sikiliza basi: kiti kinaweza kuhama, lakini udongo haufuati kiti.

Mwaka 1923 Waingereza walitangaza kwamba ardhi yote ya Tanganyika ni ya umma, na sisi tukairithi fikra hiyo. Mwaka 1999 tukatunga sheria mbili. Ile ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5, inautambua umiliki wa kimila, na hapo naipongeza. Lakini Sheria ya Ardhi, Namba 4, inahesabu kuwa ardhi ya jumla hata ile ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika.

Isiyotumika! Kwa macho ya nani, jamani? Bibi yangu alilima ntumba, yale matuta ya mviringo. Mvua zikielekea kwisha unazikata nyasi kwa jembe, unazifukia, unapanda maharage juu. Msimu unaofuata unalisambaza tuta, unapanda ulezi. Kisha shamba linapumzika mpaka nyasi zirudi. Sasa mtu anayepita na gari anaona uwanda mtupu, kumbe zile nyasi ndiyo mbolea.

Kuna wanaosema Wafipa nao ni wa kuja. Sawa, wengi walikuja! Hata Wangoni walipita, na Zwangendaba akafia Ufipa miaka ya 1840. Lakini aliyebaki akalima, amekuwa mwenyeji kwa jembe, siyo kwa damu. Waulizeni majirani wa shamba la Malonje, lililokuwa la serikali kabla ya kupewa mwekezaji, kama mgogoro wao ulihusu damu.

Bibi aliitwa siku moja aonyeshe mipaka. Akawapeleka kwenye shamba alilolipumzisha, akaonyesha kwa fimbo matuta yalipokuwa. Karani akatazama, akaandika: pori.