Treni ikifika Mpondwe, itakuwa ya nani?



Tangu mwezi wa 10 mwaka 2024, wakati serikali ya Uganda iliposaini mkataba na kampuni ya Kituruki inayoitwa Yapi Merkezi kwa kujenga reli mpya kutoka Malaba mpaka Kampala, kilometa 272, maneno ya treni yanasikika hata katika mikutano yetu ya AVEC. Juu ya nini? Juu ya kwamba katika mipango ya Uganda reli hiyo haiishi Kampala. Kuna tawi la kuja magharibi mpaka Mpondwe, ng'ambo tu ya Kasindi. Tawi hilo lingali kwenye karatasi, tusidanganyane. Lakini wamama wanaopita mpakani wameanza kuhesabu, na swali moja limetufikia mara nyingi: treni ya namna hiyo, kwa upande wa abiria, ni heri ishikwe na Leta ao na kampuni?

Wengi wanaouliza wana jibu tayari: kampuni. Tunawaelewa. Sisi wa huku tumekomaa tukiona kwamba kitu kinachotembea ni kile ambacho watu binafsi wamekishika. Kamyo ni za wafanyabiashara, mabasi ni ya wafanyabiashara, pikipiki na chukudu ni za vijana wenyewe, hata umeme tunauziwa na makampuni. Leta tunakutana nayo kwenye bariere na kwenye karatasi ya kodi. Kwa hiyo mama akisikia «treni ya Leta», anaona mbele yake ofisi yenye mafaili mengi na treni isiyo na mafuta.

Sisi tunafikiri tofauti kidogo.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya: treni ya mizigo na treni ya abiria. Zinapita juu ya chuma kimoja, lakini biashara yake si moja. Mzigo wa simenti ao wa madini unapakiwa mara moja, unashushwa mara moja, mwenyewe analipa kwa tani, na njiani hauombi choo wala kiti. Abiria anataka vituo vingi, anataka saa ijulikane, anataka mtoto asilipe, anataka usalama usiku. Na reli yenyewe, madaraja yake, walinzi wake, vinakula pesa kila siku, treni ikiwa imejaa ao tupu. Tikiti ya mama anayebeba kilo 30 za maharagwe haiwezi kulipa hayo yote. Karibu kila mahali unapoona abiria wadogo wanasafiri kwa bei ya chini, kuna mtu mwingine anayelipa sehemu iliyobaki. Japani wanasifiwa sana kwa treni zao za makampuni, tangu walipogawanya shirika la serikali mwaka 1987. Ni kweli, pande za Tokyo kampuni zinapata faida. Lakini katika kisiwa cha Hokkaido, ambako watu ni wachache, kampuni ya reli inapata hasara na serikali inaendelea kuisaidia.

Sasa tuje kwetu. Wazee wetu waliofanya biashara na Uganda wanakumbuka kwamba treni ilikuwa inafika Kasese. Reli hiyo ilifika pale mwaka 1956, na haikuletwa kwa sababu ya wamama wa soko. Ililetwa kwa sababu ya shaba ya Kilembe. Abiria walipanda kwa sababu chuma kilikuwa tayari pale. Shaba ilipokwisha kuchimbwa, miaka ya 1980, reli ilibaki bila mzigo wa kuilisha, na kabla ya mwaka 2000 treni ya Kasese ilikuwa imekwisha. Nyasi zikaota. Hapo mwenye reli alikuwa ni serikali. Kwa hiyo hatusemi kwamba serikali peke yake inatosha.

Kisha ikaja zamu ya kampuni. Mwezi wa 11 mwaka 2006, Kenya na Uganda walikabidhi reli yao kwa kampuni moja, Rift Valley Railways, kwa miaka 25. Mwanzo iliongozwa na watu wa Afrika ya Kusini, baadaye na kampuni kubwa ya Misri. Hapa tunaomba kila mama asome polepole: mkataba ule ulikuwa wa mizigo, miaka 25 nchi zote mbili. Abiria waliandikwa kwa upande wa Kenya tu, tena kwa miaka 5 ya kwanza. Kwa Uganda, abiria hawakuwa ndani. Si kwamba kampuni iliwasahau ao iliwachukia. Hawakuwa kwenye karatasi, na kampuni haina sababu ya kufanya kazi ya hasara ambayo haiko kwenye karatasi. Mwaka 2017 serikali zote mbili zilivunja mkataba, kwa kuwa kampuni haikulipa yote iliyopaswa kulipa wala haikuweka pesa kwenye reli kama ilivyoahidi. Miaka 11 kati ya 25.

Lakini kuna kitu kimoja katika hadithi hiyo kinachotufundisha zaidi. Mwisho wa mwaka 2015, treni ya abiria ilianza tena Kampala, ya kwenda Namanve asubuhi na jioni, kwa watu wa kazi. Iliendeshwa na kampuni ile ile. Kwa nini sasa iliwezekana? Kwa sababu upande wa serikali ulikubali kusaidia kulipa. Kampuni ilipoondoka, shirika la serikali la reli la Uganda lilichukua treni hiyo mwaka 2018. Mwendeshaji akabadilika, abiria wakaendelea kupanda.

Tanzania nao walijaribu. Mwaka 2007 waliwapa Wahindi wa kampuni RITES sehemu 51 kwa 100 za reli ya kati, na mwaka 2011 serikali ikachukua yote tena, baada ya migomo na malalamiko. Leo treni mpya ya umeme ya Dar es Salaam mpaka Dodoma, iliyoanza mwaka 2024, ni ya shirika la serikali, na tikiti ya kawaida ilianza na shilingi kama 31,000 za kwao. Ni treni nzuri. Ila na pale deni la kuijenga liko juu ya raia wote, hata wale wasioipanda. Kenya vilevile: tikiti ya chini ya Nairobi–Mombasa ilianza na shilingi 700 mwaka 2017, na mwanzoni mwa 2024 ilikuwa imefika 1,500. Bei ya serikali nayo inapanda, wamama.

Na Kongo yetu? Sisi tulikuwa na reli mapema kuliko wengi. Upande wa kaskazini, reli ndogo ya Vicicongo ilifika Mungbere, mbele ya Mambasa, mwaka 1937. Ilijengwa na kampuni, na kazi yake kubwa ilikuwa kubeba pamba na mazao mengine ya koloni. Leo msitu umeimeza. Mwaka 1974 reli nyingi za nchi ziliunganishwa kuwa shirika moja la Leta, lile ambalo leo ni SNCC. Mwaka 1995 sehemu ya reli za kusini iliwekwa mikononi mwa kampuni Sizarail, ya Wabelgiji na Waafrika ya Kusini. Wengi wanasema treni zilianza kutembea vizuri. Hatuwezi kujua ingefika wapi, kwa sababu mwaka 1997 utawala mpya uliivunja na kuchukua kila kitu. Tangu hapo SNCC imeishi kama mgonjwa: injini za zamani, wafanyakazi miezi na miezi bila mshahara, abiria wanangoja treni siku nyingi bila kujua itapita lini.

Tarehe 10 mwezi wa 3 mwaka 2022, huko Lualaba, treni ya mizigo iliacha reli usiku karibu na kijiji cha Buyofwe. Watu zaidi ya 70 walikufa. Walikuwa wanafanya nini ndani ya treni ya mizigo? Walikuwa wanasafiri. Barabara ni mbaya, treni ya abiria ni adimu, basi mtu anapanda behewa la mzigo na mtoto mgongoni. Katika matangazo waliitwa abiria wa kujificha. Sisi tunasema: mahali ambapo hakuna mtu aliyepewa wajibu wa kubeba watu, watu watajibeba wenyewe, na watakufa hivyo.

Hapo ndipo tunasimama. Ubaya wa SNCC si kwamba ni ya Leta. Ubaya ni kwamba Leta ilishika jina na haikushika malipo. Na ubaya wa ule mkataba wa 2006 si kwamba kampuni ilikuwa ya watu binafsi. Ni kwamba serikali mbili zilikaa mezani na hazikuandika abiria, ao ziliwaandika nusu.

Sisi walimu jambo hili linatugusa, maana shule zetu ziliishi hivyo. Tangu mkataba wa mwaka 1977, shule nyingi za huku zinaongozwa na makanisa, na Leta ndiyo inayopaswa kulipa walimu na kuweka programu ya masomo. Mwendeshaji ni mmoja, mlipaji ni mwingine. Mpango wenyewe si mbaya hata kidogo. Uliharibika miaka ya 1990, wakati mshahara wa Leta ulipokauka, na wazazi wakabeba ile pesa ya kila mwezi tuliyoiita prime. Tangu hapo mtoto alisoma kwa kipimo cha mfuko wa mama yake. Mlango ulikuwa wazi, ila tarehe ya malipo ikipita aliyekosa alirudishwa nyumbani, na pale mama alipokuwa na watoto wanne na pesa ya wawili, mara nyingi ni msichana aliyebaki. Mwaka 2019 serikali ilirudisha masomo ya bure katika shule za msingi. Madarasa yakajaa kupita kiasi, na walimu wengine wapya walifundisha muda mrefu bila kulipwa. Lakini wasichana wale waliingia. Mnatuelewa: tumeona kwa macho yetu tofauti kati ya huduma inayolipwa na anayeitumia peke yake, na huduma ambayo mtu mwingine amekubali kuisaidia, hata akisaidia vibaya.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: reli na treni ya abiria ziwe jukumu la serikali, kwa pesa iliyoandikwa kwenye bajeti. Kama serikali inataka kampuni iendeshe, iendeshe, kwa mkataba mfupi wenye idadi ya treni kwa juma, bei ya juu isiyopitwa, na adhabu. Angola wamefanya kitu kinachokaribia hicho kwenye reli ya Lobito: tangu 2023 mizigo, hasa madini ya Kongo, imepewa makampuni kwa miaka 30, na abiria wamebaki kwa shirika la serikali. Hata hapo tuna wasiwasi. Ukimpa mmoja mzigo wenye faida, na mwingine abiria wenye hasara, ni lazima useme wazi pesa ya huyu wa pili itatoka wapi. Sisi tungependa sehemu ya malipo ya mzigo iende moja kwa moja kwa treni ya abiria, na iandikwe hivyo. Uingereza walikabidhi treni za abiria kwa makampuni miaka ya 1990, na tangu 2025 wanazirudisha kwa serikali moja baada ya nyingine. Wao walichukua miaka 30 kuona.

Mtasema: hiyo reli ya Mpondwe ni ya Waganda, sisi tuna sauti gani? Tuna sauti ya mteja. Reli ile inaletwa mpakani kwa sababu ya bidhaa zinazoingia na kutoka Kongo: kahawa, kakao, mbao, mawese, na vyote tunavyonunua Kampala. Siku serikali zetu mbili zitakapokaa kuongea, kama walivyokaa mwaka 2021 kwa barabara ya Kasindi–Beni–Butembo, wafanyabiashara wakubwa watakuwa na mtu wao mezani. Sisi tutakuwa na nani?

Vikundi vinavyokutana juma hili Kasindi, Oicha, Mutwanga na Butembo tunaviomba viandike maswali ya kupelekea wabunge wetu kabla hawajaenda Kinshasa. Yetu ni haya. Je, kutakuwa na treni ya abiria, mara ngapi kwa juma, na nani atailipia isipojaa? Je, itasimama kwenye vituo vidogo, ao itapita kutoka mji mkubwa mpaka mji mkubwa? Je, msafiri wa mpakani mwenye kilo 50 atapanda pamoja na mzigo wake, ao mzigo utapelekwa kwa treni nyingine, kwa tikiti nyingine, siku nyingine? Swali hili la mwisho linaonekana dogo. Mama Kasindi yeyote atawaambia ndilo kubwa.