Hiyo Soo Tano ya Karatasi Iliyovuja, Nunulia Kitabu cha Grafu

Kila mwaka ikifika Septemba, watu wananitafuta. Si kwa ajili ya video zangu za mjengo. Juzi kijana mmoja ameniandikia hivi: "Niaje bro. Niko kidato cha nne, nataka kufanya uhandisi wa ujenzi. Unajua kikundi chochote cha Telegram chenye Fizikia pepa ya kwanza? Niko na soo tano."

Ona vizuri. Hakuuliza asome nini, wala hakuuliza pepa hiyo inapima nini. Ameuliza inauzwa wapi.

Sikumjibu haraka. Nilikaa na simu mkononi kwa sababu huyo kijana ni mimi kabisa. Miaka michache iliyopita, sisi vijana tisa wa bweni moja tulichanga pesa. Kila mtu alitoa soo tano. Jamaa tusiyemjua akatutumia pepa safi, yenye nembo na kila kitu. Usiku kucha tulikariri majibu kama watu wanaojifunza wimbo. Asubuhi, nilipofungua karatasi ya kweli, hakukuwa na swali hata moja tulilolijua. Jamaa alikuwa amechukua pepa ya zamani akabadilisha mwaka juu. Matokeo yalipotoka nilikuwa na C- ya Fizikia. Digrii ya uhandisi ikanipita.

Hata hivyo sikuandika kulia kuhusu pesa zangu. Nataka kusema kitu ambacho watu wengi wa rika langu hawapendi kusikia: hata kama pepa ile ingekuwa ya kweli, bado ningekuwa nimejiibia.

Kwanza tuelewane kuhusu mtihani wenyewe. Kule India, mtu anayetaka kusoma uhandisi katika vyuo vikubwa vya serikali anakaa mtihani wa pekee unaoitwa JEE. Hapa kwetu hakuna kitu kama hicho. Mtihani wa kuingia uhandisi ni KCSE yenyewe. KUCCPS inaangalia Hesabu, Fizikia, Kemia na somo moja la ziada, inachanganya na alama zako za jumla, inapata pointi za klasta, ambazo zikijaa ni 48. C+ ya jumla inakufungulia mlango wa chuo kikuu, lakini mlango wa uhandisi wa ujenzi una foleni ndefu, na walio mbele yako huwa wana zaidi ya hiyo C+.

Kwa hivyo ukisema "nitajiandaa kwa uhandisi nikifika chuo", umechelewa. Unajiandaa sasa hivi, na hao wanaokuuzia karatasi wanajua una haraka.

Sasa nirudi kwa mjengo, kwa sababu huko ndiko nilielewa.

Baada ya matokeo, anko wangu alinipeleka kwa fundi mmoja nifanye kibarua nikingoja nafasi ya diploma. Fundi alikuwa mzee aliyeacha shule darasa la saba. Siku ya kwanza tulikuwa tunapima msingi. Alifunga kamba kwenye vigingi, akapima futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, akaniambia nishike tepu kutoka alama moja hadi nyingine.

"Ngapi hapo, kijana?"

"Nne na inchi kumi na moja, mzee."

"Kona haijakaa. Sogeza kigingi."

Tulisogeza mpaka tepu ikasoma futi 5 kamili. Hapo ndo nikashtuka. "Mzee, kumbe hii ni Pythagoras!" Akaniangalia tu. "Huyo simjui. Lakini kona ikikataa hapa chini, vigae vitatuaibisha huko juu."

Mimi nilikuwa nimejibu maswali ya Pythagoras tangu shule ya msingi. Nilikuwa napata alama. Lakini sikuwahi kujua kwamba hiyo kanuni ndiyo inaamua kama nyumba ya mtu itakaa sawa ama itaenda kombo. Yule mzee hakujua jina lake, ila alijua kazi yake. Kati yetu wawili, nani alikuwa tayari kwa uhandisi?

Wiki ya tatu nikafanya kosa lingine. Nilipewa kazi ya kufunga ringi kwenye vyuma vya nguzo. Mchoro ulisema sentimita 20 kutoka ringi moja hadi nyingine. Jua lilikuwa kali, nimechoka, nikaanza kuziachanisha kama 30 hivi. Fundi alipita, akasimama, akanyamaza. Halafu akaniambia nifungue zote. Nikamwuliza mbona, na zege likishamwagwa hakuna mtu atakayeona.

Akasema, "Ndo maana nakuambia ufungue sai."

Ringi si mapambo. Ndizo zinashika vile vyuma vya wima visipinde na kutokea nje uzito wa jengo ukishuka. Ukizipunguza, nguzo itasimama tu, utaipaka rangi, wapangaji wataingia. Upungufu wako umefunikwa. Unangoja siku.

Usiku wa Aprili 29, 2016, mvua kubwa ikinyesha Nairobi, jengo la ghorofa liliporomoka Huruma. Watu zaidi ya 40 walikufa. Wengi wetu tunakumbuka yule mtoto mchanga aliyetolewa hai baada ya siku kadhaa chini ya vifusi. Sisemi jengo lile lilianguka kwa sababu mtu fulani aliiba mtihani, hapana. Ninachosema ni kwamba kazi hii tunayoililia ina watu wanaolala ndani yake. Mwenye nyumba anaweza kudanganya karatasi. Uzito haudanganywi.

Na mtihani wa kuibiwa ni ringi zilizoachanishwa. Unapata A, unaipaka rangi, unaweka picha ya mahafali. Ndani kuna nafasi ambazo hakuna anayeziona, hadi siku uko mwaka wa pili chuoni, mhadhiri anaanza nguvu na mkazo ndani ya boriti akidhani unajua momenti za kidato cha pili. Hajui kwamba ulizinunua.

Kwani tumesahau yaliyotokea nchini? KCSE ya 2015 ilivuja vibaya mpaka baraza la mitihani likavunjwa mwaka uliofuata. Mwaka 2015, waliopata A walikuwa zaidi ya 2,000. Mwaka 2016, ulinzi ulipokazwa, waliopata A nchi nzima walikuwa 141. Najua zipo sababu nyingi na watu bado wanabishana kuhusu usahihishaji wa mwaka ule. Lakini mteremko kama huo unakuambia kitu kuhusu rangi na ukuta.

Najua mtaniambia nini. "Wewe unaongea tu. Shule yetu haina maabara. Tunashiriki kipimo kimoja watu kumi. Wale wa shule kubwa wamefanya praktiko tangu kidato cha kwanza." Hiyo ni kweli na inaniuma. Fizikia ina alama 200 kwa jumla: pepa mbili za nadharia za alama 80 kila moja, na praktiko ya alama 40. Yaani moja ya tano ya somo iko mikononi mwa vifaa ambavyo shule nyingi za mashambani hazina vya kutosha. Hilo ni deni la serikali, na tunafaa kulidai kwa sauti.

Lakini karatasi iliyovuja hailipi hilo deni. Hata ukipewa pepa ya praktiko mkononi, mkono wako bado haujui kupima. Tena hiyo si njia ya mkato tu, ni kosa la jinai. Usiweke maisha yako kwa mikono ya jamaa wa Telegram.

Sasa, nifanye nini basi? Haya ndiyo ningeambiwa mimi wakati ule.

Moja, jua umbo la mtihani. Hesabu ina pepa mbili, kila moja saa mbili na nusu, alama 100. Sehemu ya kwanza ni maswali 16 ya lazima, alama 50. Sehemu ya pili ni maswali 8, unachagua 5 ya alama 10 kila moja. Piga hesabu: dakika 150 kwa alama 100 ni dakika moja na nusu kwa kila alama. Pepa za nadharia za Fizikia ni saa mbili kwa alama 80. Ni dakika moja na nusu ile ile! Swali la alama 3 likikula dakika 12, liache, endelea mbele, utalirudia.

Mbili, andika njia. Msahihishaji ana alama za njia na alama za jibu. Mtu aliyeandika jibu tupu na likawa na kosa dogo anapata sufuri. Aliyeonyesha hatua zake anaokota kitu. Hata kazini iko hivyo: mhandisi hapeleki jibu bila hesabu zake.

Tatu, tengeneza maabara yako. Chukua kamba, funga jiwe, ipime iwe mita moja kutoka unapoifunga hadi katikati ya jiwe. Ivute kidogo tu, iachilie. Hesabu mara 20 za kwenda na kurudi kwa saa ya simu ya mzazi. Utapata karibu sekunde 40. Fupisha kamba, rudia. Fanya mara sita, chora grafu. Mteremko wa hiyo grafu nitakuachia ujue unakupa nini. Fanya vivyo hivyo na rula juu ya penseli, sarafu huku na huku, na hapo umeshika momenti kwa vidole. Gharama ni karibu bure.

Nne, weka daftari la makosa. Pepa za zamani ni nzuri sana, lakini watu wanazitumia vibaya. Wanasoma swali, wanasoma jibu, wanatikisa kichwa, "hiyo naijua." Hapana. Funika jibu. Fanya. Ukikosa, andika umekosa wapi: ni fomula, ni kizio, ama hukuelewa swali? Baada ya mwezi utaona unarudia makosa manne au matano tu. Hayo ndiyo adui yako, si silabasi nzima.

Tano, usidharau kidato cha kwanza na cha pili. Pepa ya kwanza ya Fizikia inatoka sana kwa mekanika na joto. Shinikizo, momenti, kitovu cha uzito, yote hayo ulifundishwa ukiwa bado unalilia nyumbani siku ya kufungua shule. Rudi huko bila aibu.

Na ukikosa? Mimi nilikosa. Bado niko hai. Diploma ya uhandisi wa ujenzi inaingiwa kuanzia alama ya jumla ya C-, ndiyo ninayoimalizia sasa, na kutoka hapo watu huendelea hadi digrii. Wengine hukaa KCSE tena kama watahiniwa wa kibinafsi. Njia ni ndefu kwa kila mtu: hata mwenye digrii husajiliwa kwanza na bodi ya wahandisi, EBK, kama mhandisi mhitimu, halafu anafanya kazi angalau miaka mitatu chini ya waliomtangulia kabla ya kuitwa mhandisi kamili. Kama safari yenyewe ni ya miaka hivyo, mbona uibe usiku mmoja?

Mwishowe nilimjibu yule kijana. Nilimwambia sina kikundi. Hiyo soo tano anunue kitabu cha grafu, penseli nzuri, na zinazobaki apige fotokopi za pepa za zamani. Halafu kila Jumapili anitumie swali moja alilokosa, akionyesha njia yake yote, tuliangalie pamoja.

Siku mbili akanyamaza. Nikajua nimempoteza, ameenda kwa yule jamaa mwingine. Juzi usiku simu ikalia. Picha ya ukurasa, mwandiko wa haraka, swali la ubao uliowekwa juu ya egemeo na mzigo upande mmoja. Njia ilikuwa sawa karibu yote, ila alikuwa amesahau uzito wa ubao wenyewe.

Tumeanza hapo. Kama una mdogo wako kidato cha nne, mtumie hii kabla hajachanga.