HOTELI SIKU SABA, NYUMBA MWAKA NA ZAIDI

Sisi watu wa visiwani, ambao wengi wetu twala kwa kuja wageni, twajua hoteli ifungwapo huumia nani. Kwa hiyo hatumlaumu Mwingereza kuzikumbuka hoteli zake katika maradhi ya Korona. Tumlaumulo ni mwendo.

Tarehe 8 Julai, 2020, Waziri wa Fedha, Bwana Rishi Sunak, alitangaza Bungeni kwamba kodi ya mauzo katika mahoteli na migahawa itashuka kutoka asilimia 20 hadi asilimia 5. Tarehe 15 Julai ikashuka. Agosti ikafuata karamu: Jumatatu hadi Jumatano Serikali ilimlipia kila mlaji nusu ya chakula chake, isizidi pauni 10.

Sasa tutazame nyumbani. Tangu tarehe 23 Machi watu walikuwa wameamrishwa kukaa ndani. Mke apigwaye alifungiwa mlango mmoja na mpigaji wake. Kanuni zenyewe, tuseme haki, zilimruhusu mtu kutoka ili aepuke madhara. Lakini atoke aende wapi? Nyumba za hifadhi zilikuwa hazitoshi tangu kabla ya maradhi, na vitanda vya hoteli vikakaa vitupu.

Mswada wa kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani haukuwa mgeni. Rasimu yake ilitolewa Januari, 2019. Ukafa Bunge lilipovunjwa kwa uchaguzi mwaka ule ule. Ukaletwa upya tarehe 3 Machi, 2020. Ulipata kuwa sheria tarehe 29 Aprili, 2021.

Tutaambiwa kwamba kodi hushushwa kwa kalamu ya Waziri, na sheria kamili haina budi kupita Mabaraza mawili. Vyema. Basi na Sheria ya Korona je? Iliingia Bungeni tarehe 19 Machi, 2020, ikapita Mabaraza yote mawili, na tarehe 25 ikapata idhini ya Malkia. Miguu ya kukimbilia ilikuwako.

Na hata sheria ya nyumba ilipofika, haikufika kwa wote. Baraza la Malodi lilitaka wanawake wahamiaji wasioruhusiwa msaada wa fedha za umma nao wahifadhiwe; Baraza la Chini likakataa. Nani asiyejua kwamba wengi wa watandikao vitanda katika hoteli za London ni wahamiaji?