Leza Isiyo na Nyumba

Kuna ugonjwa miongoni mwetu sisi wanafunzi wa Bujumbura tunaopenda kuunda vitu: tukishaona mwanga, tunadhani kazi imekwisha. Mtu ananunua moduli ndogo ya leza, anaiunganisha kwa nyaya mbili na betri yoyote aliyoiokota, nukta nyekundu inatokea ukutani, na makofi yanapigwa. Mimi nasema hapo kazi haijaanza. Katika leza ya mwanafunzi, kitu cha kwanza kuchagua ni betri, cha pili ni kasha, na mwanga wenyewe uje wa tatu. Najua wengi watanicheka. Hata mimi nilicheka, mpaka nilipoungua.

Mjomba wangu ni fundi mwashi, Buyenzi. Kupata usawa wa ukuta anatumia pimamaji, uzi, na mpira uliojazwa maji. Kiangazi kilichopita niliamua kumtengenezea leza ya kuchora mstari ukutani. Nilinunua moduli nyekundu ya miliwati 5, ya unene wa milimita 12, yenye lenzi inayotandaza mwali uwe mstari. Kisha nikapata betri ya laptopu iliyokufa, nikaipasua, nikatoa seli moja ya lithiamu ya aina ya 18650, yaani upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Kasha likawa kipande cha bomba la maji la plastiki. Nilijiona mhandisi.

Siku ya tatu mjomba alikuwa juu ya jukwaa, leza mkononi, swichi imezimwa. Mara bomba likaanza kupata moto na kutoa harufu. Akalirusha chini, nami kwa ujinga nikalidaka. Kovu liko kiganjani mwangu mpaka leo. Lakini kovu si kitu. Nikifikiria mzee yule alivyoyumba juu ya mbao, sipati usingizi.

Kosa lilikuwa langu, na nimelichunguza. Katika seli ya 18650, kopo lote la nje ni ncha hasi; ncha chanya ni kile kifuniko kidogo cha juu tu, na kinachotenganisha hivyo viwili ni pete nyembamba na ngozi ya plastiki. Wakati wa kuibandua kutoka kwa wenzake, niliikwaruza ngozi hiyo kwa bisibisi. Waya wa ncha chanya ukalala juu ya mkwaruzo, ukatokea shoti. Swichi haikuweza kusaidia, kwa maana shoti ilikuwa kabla ya swichi. Wala hapakuwa na fyuzi, wala ile saketi ndogo ya ulinzi inayokata umeme mambo yakiharibika, kwani ilibaki ndani ya betri niliyoipasua.

Wenzangu hunijibu hivi: seli hizo ni za bei nafuu, zina nguvu, na mafundi wetu wanaishi kwa kufufua vilivyokufa. Hoja ya mwisho naiheshimu. Fundi anayeipima kila seli na kuichaji kwa chaja iliyo sahihi, isiyozidi volti 4.2, simgombezi. Lakini sisi tunapima nini? Na hiyo nguvu ni ya nini? Moduli kama yangu hula miliampea 40 hivi. Betri tatu za kuchajika za ukubwa wa AA, zenye miliampea-saa 2000, zitaiwasha kwa takriban saa 50. Mjomba hatajenga ukuta saa 50 bila kupumzika! Tunabeba nguvu tusiyoihitaji, kisha nguvu hiyo inatuunguza.

Hesabu ni nyepesi. Betri ya AA ya kuchajika, ile ya nikeli, ina volti 1.2; tatu zinafanya 3.6. Moduli nyingi za aina hii zinakubali volti 3 hadi 5. Umeme ukikatika na chaja ikalala, unakwenda kwenye kioski cha jirani na kununua AA za kawaida za volti 1.5, tatu zinafanya 4.5, na bado umo ndani ya mipaka. Hii ndiyo maana ya kuchagua betri kwa kuangalia mji unaoishi. Sisemi kwamba betri za nikeli hazipati shoti. Zinapata, na zinachoma, hivyo fyuzi ni lazima. Lakini hazina ndani yake kile kimiminika cha lithiamu kinachoweza kulipuka kuwa moto.

Sasa kasha. Wazee wanasema nyumba njema si mlango, na sisi tumefanya methali hiyo kuwa kisingizio cha kutojali nyumba kabisa. Plastiki haipitishi joto, na ikiachwa juani inalegea. Bora mwili wa tochi kuukuu ya alumini: una nafasi ya betri, una springi, una swichi, na unatoa joto nje. Dayodi ya leza ikipata joto sana, maisha yake yanafupika. Ila alumini nayo inapitisha umeme, na mara nyingi mwili wa metali wa moduli umeunganishwa na ncha moja ya betri. Kwa hiyo pima kwanza kwa mita, kisha tandika plastiki ndani kabla ya kufunga.

Tena kasha ni kwa ajili ya jicho. Lenzi ya jicho hukusanya mwali wa leza uwe nukta moja juu ya retina, na retina haina maumivu ya kukuonya. Swichi ya kubonyeza na kushikilia, na kifuniko mbele ya tundu, si mapambo. Wanaokimbilia leza za kijani kwa sababu jicho linaona kijani kwa urahisi zaidi wakumbuke kwamba nyingi ya hizo huanza na mwali usioonekana, wa infraredi, na kichujio kikikosekana mwali huo unatoka nao, wala jicho halipepesi kwa kisichoonekana. Hata maandishi ya kibandiko si ya kuaminiwa. Mwaka 2013 watafiti wa taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, walitangaza kwamba walipima leza 122 za mkononi: karibu asilimia 90 ya zile za kijani na asilimia 44 ya zile nyekundu hazikutimiza kanuni za usalama.

Walimu wangu watauliza: haya yanahusu nini Kiswahili? Yanahusu sana. Moduli yangu ilikuja na onyo la Kiingereza na la Kichina. Mjomba anasoma Kiswahili. Sisi tunaoandika insha juu ya mashairi na semi tumewaachia wengine betri, kisha tunashangaa lugha yetu ikiitwa lugha ya sokoni. Basi iwe ya sokoni kwa heshima: iseme shoti, fyuzi, ncha hasi, na imwambie fundi asitazame ndani ya tundu.

Leza ya pili nimeitengeneza ndani ya tochi ya alumini, kwa AA tatu na fyuzi. Juu yake nimebandika maneno ya Kiswahili: USIELEKEZE MACHONI. Mjomba aliyasoma kwa sauti, akaigeuzageuza mkononi, akaniambia, "Mpwa wangu, safari hii umeijengea nyumba." Kisha akapanda jukwaa nayo, nami nikasimama chini nikishikilia ngazi.