Nani Analipia Darasa Lililopinduliwa?

Mhadhiri akiandika kwenye grupu ya WhatsApp, "Video iko YouTube, itazameni kabla ya Jumanne," jua umetumiwa bili. Haina nembo ya chuo wala nambari ya risiti, lakini utailipa, na utailipa kabla ya hiyo Jumanne.

Mtindo huu una jina zuri: darasa lililopinduliwa. Zamani mwalimu alifundisha darasani, halafu wewe ukapambana na maswali peke yako usiku. Sasa mambo yanageuzwa. Somo unalitazama nyumbani, na yale maswali magumu mnayafanyia darasani, mwalimu akiwa hapo, wenzako wakiwa hapo. Kusema kweli ni wazo safi. Ukikwama ndipo unahitaji mtu, na video haiwezi kukuuliza umekwama wapi. Ugomvi wangu ni na vyuo vyetu, vilivyochukua ile nusu ya kututupia kazi nyumbani, vikaiacha nusu ya pili, kisha vikatuambia hii ndiyo dijitali.

Tuanzie lilikotoka. Mwaka 2007 walimu wawili wa kemia, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walikuwa wakifundisha shule ya upili ya Woodland Park, mji mdogo wa milimani jimboni Colorado, Marekani. Wanafunzi wao walikosa vipindi kila mara kwa sababu ya michezo na safari ndefu za kwenda kucheza na shule nyingine. Walimu wakaanza kurekodi masomo ili waliokosa wasiachwe nyuma. Baadaye wakajiuliza kwani kuna haja gani ya kusimama mbele na kurudia kitu ambacho tayari kiko kwenye rekodi. Kipindi kizima kikawa cha maabara, maswali na mwalimu kuzunguka meza kwa meza. Na hapa kuna kijambo ambacho watu wa semina hupenda kukiruka: mwanafunzi asiye na intaneti nyumbani alichomewa DVD. Tena huko ni Marekani. Hakuambiwa ajipange.

Hata kabla yao, miaka ya 1990, Eric Mazur, mwalimu wa fizikia pale Harvard, alikuwa ameshafanya kitu kinachofanana na hiki bila video yoyote. Wanafunzi walisoma nyumbani kabla ya kuja. Darasani aliwarushia swali, kila mtu akachagua jibu lake, halafu akawaambia: geukia jirani yako, mshawishi kwamba wewe ndiye uko sawa. Ukumbi mzima kelele. Kisha wanachagua jibu tena. Hicho hakikuwa kidarasa cha watu kumi na watano, ulikuwa ukumbi mkubwa wa mihadhara. Kwa hivyo mtu asituambie huku haiwezekani kwa sababu tumejaa mpaka wengine wanakaa dirishani. Mikono ya kuinua tunayo. Midomo ya kubishana, usiseme. Sehemu hiyo haihitaji bando wala projekta, na ndiyo sehemu ambayo haikuwahi kutufikia.

Kilichotufikia ni video, na tupige hesabu yake bila hasira. Video inayotumia megabiti moja kwa sekunde, ambayo si ya kifahari, inakula MB 450 kwa saa. Chukua yuniti sita, kila moja saa mbili kwa wiki. Hizo ni GB 5.4 kila wiki. Muhula wa wiki 14 ni zaidi ya GB 75, na hapo hujarudia kutazama pale ambapo hukuelewa, ilhali kurudia ndiyo sifa kubwa ya video wanayotuimbia. Sasa chukua sauti tupu ya mhadhiri yuleyule, iliyorekodiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde. Saa moja ni MB 14 na kitu. Ongeza noti za PDF pembeni. Masomo ya wiki nzima yanaingia chini ya MB 200. Nani ameamua lazima tumwangalie mtu akisoma slaidi?

Bando ni mwanzo tu. Kuna tokeni za stima. Kuna simu ambayo kioo kimepasuka na memori imejaa, ambayo pia ndiyo simu mama anayotumia kupokea pesa za wateja. Kuna chumba kimoja na wadogo zako watatu, na jirani ana spika. Chuo kilipokufundisha darasani, hayo yote yalikuwa shida yake: taa, viti, paa, hata kipaza sauti kinachokoroma. Somo lilipohamia kwenye simu yako, gharama zilihama nalo. Karo haikupungua. Huo ndio mpinduko ninaouona mimi.

Wala si vyuo pekee. Nchi hii ina mazoea ya kununua chombo kwanza na kuuliza kazi yake baadaye. Jubilee iliingia madarakani 2013 na ahadi ya laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza, na miradi ilipoanza kufika shuleni mwaka 2016 watoto wakapewa tableti. Machi 2020 shule zikafungwa, masomo yakahamia redio ya KBC, televisheni na YouTube. Julai mwaka huo baluni za Loon zikaanza kutumwangia intaneti kutoka angani. Mwezi huohuo waziri George Magoha akatangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea, watoto watarudia. Januari 2021 watoto wakarudi madarasani kwa wingi, na Loon ikatangaza inafunga duka. Mimi sisemi baluni zilikuwa mbaya. Nasema watoto walirudi pale palipokuwa na mwalimu na dawati.

Niliacha chuo mwaka wa tatu, na sababu zilikuwa nyingi kuliko video. Lakini nakumbuka yuniti moja ambayo Jumanne yake ilifutwa kabisa kwenye ratiba. Video zilikuwa zimepakiwa, kwa hivyo ukumbi ukapewa watu wengine. Muhula mzima hakuna aliyetuuliza swali mpaka siku ya CAT. Mtu akiuliza kitu kwenye grupu alijibiwa "rejelea video", na aliyejibu alikuwa kiongozi wa darasa, maskini, ambaye pia hakuwa ameelewa.

Najua kuna watakaosema video imewaokoa. Dada anayefanya kazi ya mchana na kusoma usiku, mtu aliye Lodwar asiyeweza kuhamia Nairobi, yule anayeona haya kuinua mkono. Ni kweli, na wapewe video zao, nzuri, nyepesi, za kupakua. Wala mhadhiri si adui. Wengi ni wa mkataba, wanalipwa kwa yuniti, malipo yenyewe yanakuja yakitaka. Kurekodi somo moja vizuri ni kazi ya masaa ambayo hakuna anayeihesabu. Anaona afadhali apakie rekodi ya mwaka jana. Ningekuwa yeye pengine nami ningefanya hivyo.

Lakini chuo kama taasisi hakina kisingizio. Kikitaka kunipindulia darasa, kianze na kipindi chenyewe: ukumbi uwepo, mwalimu alipwe kwa kuwepo, na saa hiyo isitumike kusoma slaidi nilizoshatumiwa. Kisha masomo yawekwe kwenye kompyuta za maktaba, niende na flashi yangu nijazie. WiFi ya kampasi ivuke hata mita mia moja baada ya geti, maana hosteli nyingi tunazolala ziko huko nje. Na kampuni za simu, zinazojua kuuza bando la TikTok, ziombwe ziiachie tovuti ya chuo ifunguke bure. Bado sijaona mgomo wa kudai hilo.

Karatasi ya karo ya muhula ujao ikitoka, komredi, isome mpaka chini. Vyuo kadhaa huwa na mstari wa ada ya ICT, kando ya kitambulisho na matibabu. Ukiupata, nenda nao kwenye mkutano wa wanafunzi na uulize, kwa sauti, hela hizo hununua MB ngapi, na za nani.