Mapumziko Yetu Tuyapeleke Wapi?

Kila mwaka, shule zinapokaribia kufungwa, mazungumzo ya namna moja husikika katika nyumba za wenzetu waliojaliwa kuweka akiba kidogo. Watoto huuliza watapelekwa wapi, na jibu hutoka upesi: Dubai. Ikiwa fedha ni nyingi zaidi, basi London au Istanbul. Ni nadra mno kumsikia mtu akitaja Lusaka, au Accra, au Moroni. Sisi hatuna ugomvi na mtu atumiaye jasho lake apendavyo, wala hatusemi kwamba miji hiyo ya ng'ambo haina la kutazamwa. Tunalolipinga ni lile neno ambalo wengi hulitoa kama udhuru: "Afrika ya nini? Si ndiyo humu tunamokaa?"

Neno hilo ni la mtu asiyeijua ramani. Ukipima kwa mstari ulionyooka, Dakar iko mbali na Dar es Salaam kuliko Roma. Ukiilinganisha na Mumbai, Dakar imeizidi kwa umbali kadiri ya kilomita 2,000. Mkaaji wa Tanga akifika Senegal atakuta lugha asiyoijua, fedha asiyoijua, mapishi mageni na mavazi mageni, na huku amekanyaga ardhi ya bara lake. Kusema kwamba umekwisha kuiona Afrika kwa sababu umezaliwa Morogoro ni sawa na kusema umeonja karamu nzima kwa sababu umekula wali nyumbani kwako.

Kwa hiyo mtu na achague nchi, si bara. Wako wanaotaka kuona nchi tano kwa siku kumi, wakarudi na picha za viwanja vya ndege. Nchi moja yatosha kwa likizo moja.

Jambo la kwanza la kutazama ni majira, na hapa ndipo wengi hukosea. Mwezi wa Juni, Misri ya kusini huwaka kama tanuri. Joto la Luxor hupita nyuzi 40, na mtoto mdogo hawezi kutembezwa makaburini mchana. Mwezi huo huo ni kipupwe kusini mwa bara. Cape Town hunyesha mvua ya baridi, na katika milima ya Lesotho huanguka theluji, kitu ambacho watoto wetu wengi hawajakiona ila kwa mbali juu ya Kilimanjaro. Ethiopia nayo huwa imo katika mvua zake kubwa, toka Juni hadi Septemba. Basi mwenye nia ya kwenda Misri na angoje Desemba, ambapo hali ya hewa ni njema. Na huko atakuta jumba jipya la makumbusho lililofunguliwa rasmi Novemba 2025 karibu na mapiramidi ya Giza, ambamo vitu vya kaburi la Tutankhamun vimekusanywa pamoja.

Kwa likizo ya Juni, sisi twapendekeza Zambia. Maporomoko ya Mosi-oa-Tunya yana upana wa mita 1,700 hivi na kimo cha mita 108, na jina lake lina maana ya moshi ungurumao. Msomaji atatambua kwamba neno hilo "mosi" ni ndugu wa "moshi" wetu. Kwa kweli hahitaji mkalimani ili kulielewa jina ambalo Livingstone alilikuta mwaka 1855 akalibadili kwa lile la malkia wake. Mwezi wa Juni mvua zimekwisha, njia ni kavu, na maji bado ni mengi. Lakini aendaye Oktoba au Novemba upande wa Zambia huenda akakuta mwamba mtupu, akarudi akilalamika kwamba ametapeliwa. Hakutapeliwa, hakuuliza. Reli yetu ya TAZARA hufika New Kapiri Mposhi baada ya kilomita 1,860, ijapokuwa huduma yake ya abiria imekatizwa mara kadhaa katika miaka hii, na yafaa kuuliza kituoni kwanza. Mabasi ya Lusaka yapo.

Kwa mtu wa pwani iko safari nyingine, nayo ndiyo tunayoipenda zaidi. Ni Kisiwa cha Msumbiji, kile kilichoipa nchi nzima jina lake na kilichokuwa makao yake makuu hadi mwaka 1898. Ni kisiwa chembamba, chenye urefu wa kilomita tatu tu, kilichounganishwa na bara kwa daraja. Nusu yake ni mji wa mawe na nusu yake ni mji wa makuti, na neno hilo "makuti" ndilo watumialo wenyeji hadi leo, hata wasemapo Kireno. Mtu wa Kilwa au wa Lamu akipita katika vichochoro vile ataona milango na vibaraza vya kwao, na juu yake ngome ya Mreno. Twaona kwamba saa moja katika kisiwa kile itamfundisha kijana habari za pwani yetu kuliko vitabu vingi. Hata hivyo twamwonya msafiri asipite njia ya nchi kavu ya Cabo Delgado, kwani huko mapigano yalianza mwaka 2017 na watu wengi wamepoteza maisha. Na apande ndege hadi Nampula, tena aulize kwanza hali ya mkoa huo nao. Komoro hali kadhalika ni jamaa zetu. Moroni iko chini ya kilomita 800 toka Dar es Salaam, na lugha yake utaisikia kama Kiswahili kinachosemwa chumba cha pili.

Naye aliyekwisha kufika Bagamoyo na kusikia habari za misafara ya watumwa, na aende Ghana akaone upande wa pili wa msiba huo. Ngome ya Elmina ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1482, na ile ya Cape Coast haiko mbali nayo. Hiyo si safari ya kuburudika, twakiri. Lakini si kila likizo lazima iwe ya kuogelea.

Kama njia ni nzuri hivyo, mbona watu hawaendi? Hapa lawama si ya wananchi peke yao. Nauli ya ndege toka mashariki hadi magharibi ya bara mara nyingi hushinda ile ya kwenda Ulaya. Shilingi yetu lazima mara nyingi igeuzwe kwanza kuwa dola, ndipo dola igeuzwe kuwa fedha ya mwenyeji, na kila mgeuzo una hasara yake. Kisha iko viza. Rwanda, Benin, Gambia na Shelisheli zimewafungulia Waafrika wote milango bila viza, na mwanzoni mwa 2025 Ghana ilitangaza kufanya vivyo hivyo. Twazipongeza kwa dhati. Lakini Itifaki ya Umoja wa Afrika juu ya uhuru wa kusafiri ilitiwa sahihi na nchi zaidi ya 30 tangu mwaka 2018, na hadi mwaka 2024 nchi zilizoiridhia zilikuwa nne tu, hali zatakiwa 15 ndipo ianze kufanya kazi. Viongozi wanaokumbatiana katika mikutano hawana haki ya kushangaa iwapo mwalimu wa Iringa, baada ya kuulizwa barua sita na hesabu ya benki ili aione nchi ya Kiafrika, ameamua kwenda Dubai.

Kwa wale waliokwisha kukata shauri, yako mambo mawili ambayo hayangoji. Kila mtoto, hata achukuliwaye mgongoni, anatakiwa awe na pasipoti yake mwenyewe. Na aendaye Ghana lazima awe na cheti cha homa ya manjano. Sindano yake huanza kukinga baada ya siku kumi, kwa hiyo asiende kuchanjwa jioni ya kuamkia safari. Cheti hicho, tangu mwaka 2016, hudumu maisha yote, nacho kitamfaa mwaka ujao atakapotaka nchi nyingine.